Swali la Edisa

Jumapili, 3 Agosti 1958

Asubuhi Asuman ameliwasha tena gari. Anasema lisiponguruma kila siku betri itakufa. Nilikuwa nampaka mwanangu Mariat mafuta miguuni — mara mngurumo nyuma ya nyumba, na moyo wangu ukaruka. Badiru amerudi! Kisha akili nayo ikafika. Miezi mitatu sasa, na kila asubuhi mume wangu ananifia upya.

Nimo ndani ya eda. Chumba hiki, ua huu, pazia lile la mlangoni. Manukato hapana, hina hapana, kutoka barabarani hapana. Mama Saudah, shangazi yake Badiru, anakaa nami ili watu wasipate la kusema. Mchana kutwa anasinzia, na akisinzia anakoroma. Lakini ana huruma, na Mariat anampenda.

Baada ya chai Asuman alisimama nje ya pazia. Ni mdogo wake Badiru, shemeji yangu, na sasa ndiye mwenye kauli hapa. Pikapu itauzwa, akasema, kila mtu apate fungu lake kwa sheria. Vizuri! Ndilo ninalolitaka. Kwa fungu langu nitamchukua Mariat twende kwa mama yangu Fort Portal, ninunue cherehani, nishone nguo za watu, niishi. Lakini akaongeza. Lisipouzwa mpaka eda iishe, gari atalichukua yeye, na vyote vya nyumba hii atavitunza yeye.

Vyote. Alilitamka neno lile polepole. Mimi si kiti wala sufuria! Lakini nani atanisemea? Baba, askari wa KAR, jeshi la Mwingereza, aliyenifundisha kuandika Kiswahili hiki kwa mkaa juu ya ubao, yuko kaburini. Mama hana nguvu. Kumbe usalama wangu wote umepakiwa kwenye pikapu moja ya bluu. Liuzwe, ee Mola wangu. Liuzwe upesi.


Jumanne, 5 Agosti

Mnunuzi wa kwanza! Kathembo, wakala wa forodha wa Mpondwe, mtu wa viatu vya kung'aa. Alilijaribu — mpaka msikitini na kurudi, gari tupu, yeye na Asuman tu. Halafu wakasimama uani na maswali yakaanza. Linakula oili? Klachi ilibadilishwa lini? Shasi imewahi kuchomewa? Limewahi kuanguka? Nani mwingine aliliendesha? Asuman alijibu yote kwa neno moja, hapana, hata pale ambapo hapana haikufaa. Nilicheka peke yangu nyuma ya pazia. Kicheko cha kwanza tangu Idi, nikaona aibu.

Mwisho kabisa huyo bwana aligundua alichokuwa amekikalia muda wote. Nikamsikia: "Moteri iko muzuri, ndugu. Lakini volan iko ku mukono mubaya. Kule kwetu Congo ntapita namna gani?" Akaenda zake. Mtu anakaa mpakani maisha yake yote, hajui magari ya huku usukani uko kulia!

Aliuliza mengi. Moja hakuuliza. Hakuuliza gari hili linakuwaje likiwa na mzigo.


Alhamisi, 7 Agosti

Mvua. Mariat ameuliza baba analala wapi mvua ikinyesha. Mama Saudah alimwimbia.

Nimeandika juzi juu ya mzigo, basi nimalize. Badiru alikuwa ananieleza kila kitu jioni akila. Alikuwa anasema gari lake likiwa tupu lina adabu ya bibi harusi, lakini likishapakiwa, kwenye mteremko breki hazishiki mpaka uzikanyage mara tatu. Fundi wa Kasese alisema kuna kitu ndani ya breki kimekwisha, kipya kiagizwe Kampala. Tuliambiwa kitakuja na treni. Idi ikapita, homa ikamshika, kitu kile hakikuja.

Kwa hiyo hakuutegemea mguu wake. Pale juu kwenye kona, kabla barabara haijaanza kushuka kupita hapa kwetu kuelekea Mpondwe, alikuwa anatia gia ya pili mapema, na injini inalia kwa uchungu mpaka chini. Mlio ule ndio uliokuwa saa yangu. Nikiusikia naweka maji yake ya kuoga motoni.

Na siku ile ya kumleta kutoka hospitali. Asuman anaendesha, mimi nyuma na maiti ya mume wangu, pamoja na watu wa msikitini wote waliotoshea. Gari limejaa. Kwenye kona nilisubiri mlio wa gia ya pili. Haukuja. Tukashuka, tukashuka, watu wakaanza kushikana, mguu wa Asuman ukipiga breki, ukipiga tena. Lilisimama kando ya kaburi lenyewe, mbali kupita nyumba. Watu walisema marehemu alikuwa na haraka ya kupumzika. Asuman aliteremka jasho likimtoka, hakunitazama.

Kwa hiyo anajua. Anajua vizuri kama mimi.


Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala Asuman kaja na habari. Kuna mtu wa mlimani, Mukonzo mmoja, Mkristo wa Nyakiyumbu, jina lake Kosiya, analima kahawa. Anataka gari la kuteremsha mazao sokoni Mpondwe na kupeleka kahawa kwenye treni Kasese. Atakuja Jumapili akitoka kanisani.

Nikajikaza. Nikamwuliza kupitia pazia, na breki je? Atamwambia?

Akasogea karibu na pazia. Kisha: "Shemeji, unataka kwenda kwa mama yako ama hutaki?"

Nataka. Anajua nataka. Akasema basi gari ni mambo ya wanaume, mwenye kununua ana macho na ana miguu, ajaribu mwenyewe.


Jumapili, 10 Agosti

Siku ndefu. Niandike yote, labda nitapata usingizi.

Kosiya kaja na mkewe. Sauti yake nzito, ya mtu asiye na haraka. Wanaume wakaenda kulijaribu gari, na mke akaomba ruhusa aingie kutoa pole kwa mfiwa. Mama Saudah akamkaribisha. Anaitwa Edisa. Mwembamba, gauni la kanisani, mtoto mgongoni, mkononi kikapu cha mayai. Akavua viatu, akakaa mkekani, hakukimbilia kusema. Alinishika mkono tu. Watu wengi wamekuja kunipa pole. Wengi walikuja kuona ninavyolia. Huyu alikaa kama mtu aliyechoka amekutana na mwenzake aliyechoka.

Akanieleza habari zake. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani, wamembeba kwa machela kutoka mlimani, kliniki bado mbali. Tangu siku hiyo Kosiya aliapa atapata gari, hata kwa kulima usiku. Wameuza ng'ombe. Wameuza mpaka baiskeli. Gari likipatikana, akasema, hakuna mama wa kwao atakayebebwa tena mabegani.

Nilimsikiliza, macho yangu kwenye kikapu cha mayai.

Nje gari likarudi. Tupu, bila shaka. Kosiya akaanza maswali yake, na yalikuwa maswali ya maana, ya mtu aliyejiandaa. Oili, klachi, tairi ya akiba iko wapi, radieta inavuja, kwa nini linauzwa. Asuman akajibu kwa sauti ya asali. Nikamsikia Kosiya akisema breki inashika vizuri sana.

Edisa naye alikuwa anasikiliza. Akacheka kidogo, akasema wanaume wanauliza gari habari za gari. Kisha akanigeukia.

"Mama Mariat, mimi sijui mambo ya injini. Lakini wakati bwana yako alikuwa anatoka na hii gari, wewe hapa nyumbani ulikuwa unaogopa nini?"

Hilo ndilo swali. Wote waliokuja, hakuna aliyeuliza. Na halikuwa na mlango wa kutokea — alikuwa ananitazama usoni. Mtoto wake naye alikuwa ameamka mgongoni, ananitazama.

Nikaona Fort Portal. Nikaona cherehani. Nikamwona Asuman akiinua pazia hili siku eda inaisha.

Nikasema, "Wanawake wa Katwe."

Tukacheka; kila mke hapa anaijua sifa ya mji ule wa chumvi. Mama Saudah naye kacheka mpaka akakohoa. Edisa akanipiga paja, akasema kwa hilo atamfunga Kosiya kamba. Na swali likapita, mlango ukafungwa, nimeufunga mwenyewe kwa mzaha.

Mayai yake nimeshindwa kuyala.


Jumanne, 12 Agosti

Limeondoka. Kosiya mwenyewe usukanini, Asuman amesimama uani akipunga mkono. Mariat amelia — alidhani baba amechukuliwa na gari. Nilimwambia baba hakuwamo. Akasema alikuwamo.

Asuman kasema fungu langu nitalipata, ninaweza kujiandaa kwa safari eda ikiisha. Alisema kwa upole. Nilimwuliza kama alimwambia Kosiya habari ya breki. Akasema ndiyo, amemwambia kila kitu.

Nimeamua kumwamini. Leo asubuhi hakuna mngurumo nyuma ya nyumba, na kimya hicho nilichokitamani kinaniumiza kuliko mngurumo.


Jumatano, 13 Agosti

Simwamini.


Alhamisi, 14 Agosti

Bulandina, yule mama muuza parachichi, kapita akishuka Mpondwe. Kaleta salamu kutoka Nyakiyumbu. Edisa ananisalimu sana. Kesho siku ya soko watashuka na gari kwa mara ya kwanza na mzigo — ndizi, maharagwe, akina mama wote wa jirani juu ya magunia, yeye mbele na mtoto. Kosiya anawasifia watu breki za gari lake. Na Edisa kasema nikisikia honi nijue ni yeye, anamsalimu dada yake aliye ndani.

Dada yake!

Hakuambiwa kitu. Nilimsihi Bulandina arudi akawaambie. Akasema miguu yake haiwezi kupanda tena leo, atalala Mpondwe kwa mwanawe. Nikamwita Asuman. Nikasema apande baiskeli, aende, bado mchana. Akasema gari limeuzwa na maneno yamekwisha. Yeye mwenyewe alishuka pale na maiti na watu kumi na ushee, na hakuna aliyekufa.

Nikasema basi nitakwenda mimi. Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Mjane wa ndugu yake akionekana barabarani eda haijaisha, akasema, Bwera yetu yote itajua huyu hana heshima, na Kosiya akirudisha gari, litakuwa lake yeye Asuman, na mimi pamoja nalo. Aliyasema wazi hivyo, mbele ya shangazi yake. Hana haya.

Mama Saudah hakuwa amelala safari hii.


Ijumaa, 15 Agosti

Kumekucha. Asuman katoka mapema kwenda mtoni mpakani kuonana na mtu wa forodha. Mariat bado amelala, kidole mdomoni. Mvua ya usiku imelainisha barabara, naona kutoka dirishani inavyong'aa.

Sijalala. Nimelia mpaka nikachoka kulia. Nimemlilia Badiru, nikamgombeza pia — kwa nini hakusubiri mpaka kile kitu cha Kampala kifike? Kwa nini aliniachia mimi habari hii peke yangu? Angekuwapo angesema, Jamidah, acha gari liongee lenyewe. Gari lingesema nini leo, na akina mama juu ya magunia?

Nimemwambia Mama Saudah yote. Swali la Edisa, na nilichojibu, ule mzaha wa Katwe uliomchekesha yeye pia. Nilitaka aniambie nikae. Kweli nilitaka. Aseme eda ni eda, mwanangu, tulia, Mungu atawalinda. Ningetulia.

Akaniuliza kitu kimoja tu: kona ile ni mbali?

Nikasema si mbali. Kupanda tu, na pale naweza kuwasimamisha kabla hawajaanza kushuka.

Akasema, "Viatu vyako viko chini ya kitanda. Mutoto mimi nabaki naye."

Nimevivaa. Vimekaza, miguu imesahau. Nimejifunika shuka lake kubwa jeupe, na bado nimekaa hapa naandika, mwoga mimi. Nikitoka nje ya pazia hili, Fort Portal basi. Cherehani basi. Nitakuwa nimejirudisha mwenyewe mikononi mwa Asuman, mchana kweupe, watu wakitazama.

Honi!

Mbali, upande wa pili wa kilima. Ndilo. Linapanda polepole — limejaa, naujua mlio wake likiwa limejaa. Wanawake wanaimba. Bado hawajafika kwenye kona. Anapiga honi tena, ananisalimu.

Mama Saudah kainuka. Ameliinua pazia, amelishika. Naweka kalamu.