Ngongo alivyosaini uongo wake

Yasmine, acha kila kitu usome. Dada Wema ametoka biro ya serikali sasa hivi.

Unajua ile parseli, kiwanja cha marehemu baba kule Kavimvira. Jirani alipojenga ukuta ndani yake, alitutupia kopi ya dosye, faili ya kiwanja, eti kiwanja ni chake. Ina kashe, muhuri wa mwezi uliopita, na saini ya Ngongo, karani wa dosye. Leo Wema akaenda kwa Ngongo kuomba kuona dosye yenyewe.

Ngongo akacheka mbele ya watu! "Mama, dosye gani? Mafuriko yalibeba zote kitambo. Weye nenda uulize samaki."

Uulize samaki, Yasmine!! Biro nzima ikacheka.

Wema hakugombana. Akasema tu, "Basi uniandikie hivyo." Ngongo akaandika, akasaini, akapiga kashe, bado anacheka.

Wema akaenda moja kwa moja kwa mukubwa wa Ngongo, akaweka karatasi zote mbili mezani, kopi ya mwezi uliopita na hii ya mafuriko. Mukubwa akasoma, akarudia kusoma. Akaita, "Ngongo, leta funguo ya kabati yako."

Wakaenda wote kwenye biro ya Ngongo, dosye ikatoka humo kabatini, KAVU KABISA. Jina la baba limekatwa, la jirani limeandikwa juu.

Ngongo akaanza, "Mama Wema, tuongee kidogo inje..."

Wema akakalia kiti cha Ngongo. "Simama hapo unisomee yote. Kwa sauti."

Akasoma kurasa kumi na moja, jasho linamtoka. Alipofika kwenye jina la baba, akalisema chinichini.

Wema akamwambia, "Rudia."