Kikopo cha Salma

Alhamisi, baada ya magharibi

Nimemfokea mtu wa watu bure, na kosa ni langu.

Salma, mke wa mwanangu, anakohoa mwezi wa pili sasa. Makohozi yake waliyagawa maabara: mengine kwenye chupa ya majimaji, ambako wadudu wa kifua kikuu huota upesi, mengine kwenye chupa ya mayai yaliyogandishwa kwa moto, ambako hukawia hata wiki nane. Leo nikafuata majibu, mtu wa maabara akanipokea.

"Shikamoo bibi. Ya majimaji imeingia uchafu, haisomeki. Ya mayai bado haijaota kitu, tuisubiri."

"Marahaba. Uchafu wa nani? Kwangu hakuna uchafu! Mmechezea nyie wenyewe!"

Hakunijibu jeuri. Akauliza taratibu, "Kile kikopo tulichowapa cha makohozi, mlikifungua mapema kabla ya kutemea?"

Nikamweleza. Nilikiosha kwa mkono wangu, maji ya kisima, nikakianika na vikombe. Mie chombo cha watu sikitumii hivi hivi.

"Wengi wanakiosha, bibi. Kile tayari ni kisafi, maji ndiyo yanakiingiza uchafu." Akanipa kingine.

Mtoto wa Salma bado ananyonya, na mama yake anakonda namna hii, mie nimemchelewesha dawa kwa usafi wangu. Nilitaka kumficha Salma. Nikashindwa, nikamwambia.

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Kesho twende wote, mama. Ila mtu wa maabara niachie mie niongee naye."

Nimekubali. Sijawahi kumkubalia kitu upesi hivyo.