Kwa Jastin: Wimbo Utaishia Pale Ulipouacha

Mwaka umetimia, Jastin, tangu homa ikuchukue ukiwa Mikumi, kijana wa miaka ishirini na saba. Hadi leo lori likishuka kwa breki nasikiliza, kwa sababu wewe ulikuwa ukitunyamazisha wote ili usikie mlio wake.

Ulipiga pasi mashati ya wadogo zako bila kuombwa. Uliwaamkia wazee wote wa mtaa hata ukachelewa basi. Mchana ulikaa mapokezi ya nyumba ya wageni, na wageni wasipokuwepo ulitunga muziki. Nilikwambia muziki hauna mshahara. Msimamo wangu haujabadilika. Ila ulitunga.

Kazi yako ya kwanza, "Mafuriko ya Tindiga", ilipigwa Dar es Salaam kwa vayolini nne. Zikalia kwa muda, baba yako akakuinamia: "Mwanangu, bado wanakaza nyuzi au wameshaanza?"

"Baba, hapo ng'ombe wanavuka maji."

Akasikiliza, kisha akasema, "Basi yule wa nyuma amezama." Ulicheka mpaka watu wa mbele wakageuka.

Baadaye ukaitungia wimbo kwaya ya kanisa la Mamboya, iliyokufundisha do-re-mi ukiwa mdogo. Katikati ya wimbo uliweka kimya kirefu. Wakanyamaza kama ulivyowaelekeza. Mwalimu Zabron, mwalimu wao wa miaka yote, alikuwa ameketi mbele. Akadhani wamesahau, akawatolea sauti ya kuanzia. Nao walivyozoea kumtii, wakaanza wimbo upya! Bibi yako Raheli akapiga vigelegele. Mimi nilikasirika. Wewe ukasema, "Mama, waache. Wamezoea kuokoana."

Uliacha wimbo mmoja haujaisha, "Njia ya Ulaya", ile Ulaya yetu ya huku Kilosa, si ya ng'ambo. Kwaya hiyo hiyo itauimba Jumamosi hii saa nne asubuhi, kwenye ibada yako ya kumbukumbu, Mamboya. Mwalimu Zabron alikuja hadi Kilosa kuniomba aumalizie.

"Mama Jastin, niweke Amina tu. Wimbo hauwezi kubaki unaning'inia."

Akaniimbia hiyo Amina. Ni nzuri, lakini si yako. Tukiiweka, baada ya miaka michache hakuna atakayejua wewe uliishia wapi. Nimemkatalia. Akanywa chai yake, akakubali.

Kwa hiyo wataimba hadi neno lako la mwisho, kisha watasimama. Mwalimu hatatoa sauti. Bibi yako ameshaambiwa, naye amesema atajiziba mdomo kwa mkono. Nanyi mtakaokuja, msipige makofi. Tutakaa kimya pamoja, kama ulivyotaka siku ile.

Wanaokukumbuka ni mimi mama yako Fausta, baba yako Kornelio, wadogo zako Angela na Imani, bibi yako Raheli, Mwalimu Zabron na kwaya yake, na majirani wa Kilosa na Mikumi.

Hatutakusahau, mwanangu. Siku zote tutakuwa tunasikiliza.