Somo la Nne Lilichelewa

Tarehe 2 Machi

Kaka yangu,

Hamjambo nyote? Mgongo umepoa? Wifi na watoto je? Mimi mzima, mafua tu, nayo yananiogopa. Nasikia simu yenu ilitumbukia kwenye tangi la mteja. Haya, tuandikiane.

Kaka, kaa kwanza. Hapa dukani ninapotoa kopi kuna wanafunzi wa kozi ya uwekezaji wa nyumba na mikopo. Kila wiki wanaleta somo tuwachapie. Nachapa, nasoma. Nimeshamaliza matatu, bure kabisa! Kumbe tajiri hajengi kwa pesa yake, anajenga kwa mkopo. Nyumba aliyotuachia baba ina hati, na hati ni dhamana. Umelalia mtaji, unakoroma! Kopa, jenga vyumba vinne uani, wapangaji walipe mkopo. Nimepiga hesabu nyuma ya karatasi iliyoharibika, imekubali!

Mdogo wako, mwekezaji mtarajiwa


Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mgongo unalalamika, lakini fundi bomba asiyeumwa mgongo huyo hafanyi kazi. Wengine wazima, wa mwisho kaota jino.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya nne nikavaa viatu. Benki wanasema kipato changu hakieleweki: leo bomba limepasuka napata, kesho halijapasuka sipati. Ila kuna kampuni ya mikopo hapa mtaani, haina maswali mengi. Meneja kaniita "bosi", kaniletea soda. Tunasaini Jumatatu, tarehe 16.

Nimekunakilia kipande cha ukurasa wa tatu, kimejaa maneno yako yale: "Mmiliki anahamisha umiliki wa nyumba kwa Kampuni, na atakuwa na hiari ya kuinunua tena ndani ya miezi kumi na minane." Hiari ndiyo nini, mwekezaji?

Kaka yako


Tarehe 12 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini wazima, nisamehe sijauliza vizuri, nina haraka.

USISAINI. Somo la nne limeletwa leo asubuhi, ndilo la mikataba. Ukiweka nyumba rehani, inabaki yako, mkopeshaji anaishikilia tu mpaka umalize kulipa. Hicho ulichoninakilia si mkopo, ni kuuza! Ukisaini tu, wewe ni mgeni wao ndani ya nyumba ya baba. Na ukichelewa siku moja kuinunua, basi tena.

Nilikuchochea nikiwa nimesoma nusu. Kosa langu, si lako. Barua nimempa dereva wa lori la saruji, kaapa Jumapili atakuwa huko. Nijibu hata neno moja.

Mdogo wako


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Usinune kwamba nimechelewa, aliyenuna ni mimi.

Lori la dereva wako liliharibika njiani, barua imefika jana. Jumatatu nilienda, nikasaini. Karani akasema bado saini ya mke, nyumba ya familia haipiti bila yeye. Nikamwita. Kaja na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, kauliza swali moja:

"Nikishasaini, kesho hii nyumba ya nani?"

"Mama, huo ni utaratibu tu."

"Sijauliza utaratibu. Nimeuliza ya nani."

Karani akamtazama meneja. Meneja akaagiza soda. Wifi yako akachukua hati pale mezani, akaibana kwapani, huyoo! Ilibidi karani aichane karatasi niliyosaini, foleni nzima inacheka. Siku mbili sikumsemesha, nikalala sebuleni.

Jana nimemsomea barua yako yote. Kasikiliza huku anaosha vyombo, kisha kasema, "Somo la tano likija, aniandikie mimi. Wewe amekufundisha vya kutosha."

Vyumba bado navitaka. Hati nimemuuliza mara mbili kaiweka wapi. Anasema ipo.

Kaka yako