Sabuni Iliyofika Mahakamani

Marahaba, Kabula mjukuu wangu. Natangaza rasmi kwamba jogoo wetu amehamia kwa jirani. Sisi wengine hapa Samuye tu wazima.

Umeniuliza: duka likikuita mwizi, ulipe tu yaishe? Mimi nilikataa. Miaka ile sabuni ilipoadimika, niliingia duka moja mjini Shinyanga nikiwa na kipande changu cha kumpelekea wifi yangu aliyejifungua. Muuzaji akakidaka, akadai nimekiiba dukani mwake.

“Mama, lipa faini hapa hapa, uende zako.”

“Nipeleke polisi, baba. Nikilipa, nimekubali wizi.”

Katika mahakama ya mwanzo, hakimu akamwuliza muuzaji nani aliniona nikichukua. Hakuwa na shahidi hata mmoja. Nikaachiwa huru, nikatoka nikitembea kama bibi harusi.

Nikapita kituoni kudai sabuni yangu, iliyohifadhiwa kama kielelezo. Askari walikuwa wameshaifulia.