Khanga Iliyochuja

Temeke, Jumanne, Mei 1991

Nimeliharibu mwenyewe. Shuka ninalounga kwa viraka vya khanga za marehemu mama lilibakiza safu moja, na khanga zake zikaisha. Nikaunga kipande cha khanga mpya nyekundu bila kukifua kwanza, kosa alilonikatazaga tangu utoto.

Jana bati likavuja, shuka likalowa. Nyekundu ikachujia vipande vyote, ikabidi nilifue shuka zima kwa sabuni.

Dada Zuhura kaliona kambani. "Usilie, mdogo wangu. Doa litapauka juani."

Mie sililii doa. Vile vipande vilikuwa bado na harufu ya mama.

Asumini yake uani imechanua kwa mvua hizi. Nimechuma kiganja, nikakunjia ndani ya shuka, kama alivyokuwaga anafanya sandukuni mwake.

Linanukia maua tu.