Amina Niliyoitikia Jana

Temeke, Jumatatu jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, uwanja wa kanisa umekuwa matope matupu, na mimi nimekasirika. Nimekasirika tangu jana na hasira haijaisha.

Zakaria ni karani bandarini, mtu wa bara kama mimi. Tangu kabla ya Kwaresima amekuwa akija kwangu, mimi mwalimu wa kanisa, kila Jumatano akitoka kazini. Tunakaa chumba cha nyuma cha kanisa, ananieleza jinsi tembo la mnazi lilivyomshika. Hajalionja tangu hapo. Siku moja, kwa aibu, aliniambia kwamba alikuwa akilimimina kwenye birika na kunywa barazani kwa kikombe, mkewe akidhani ni chai. Nikamwahidi kwamba neno hilo halitatoka chumbani.

Limetoka. Nimelitoa mimi.

Wiki iliyopita nilikuwa hoi. Walevi wananijia alfajiri, wake zao wananijia mchana, Jumamosi nazika, Jumapili nahubiri. Naomi, mke wangu, anasema siku hizi nakula nimesimama. Basi Ijumaa nikamfuata Mzee Elifasi, mzee wa kanisa letu, walau anisikilize. Katika kumweleza jinsi kazi ilivyonielemea nikamtaja Zakaria, nikataja na birika. Nikamwomba iwe siri yetu.

Jana ibadani Elifasi akasimama kuongoza maombi ya wenye shida. Kwetu hapa anayeomba huomba kwa sauti, na kila akitua kanisa zima huitikia. Akawaombea wagonjwa, amina. Akawaombea wasafiri, amina. Kisha akasema, "Bwana, mponye ndugu yetu Zakaria, aliyekuwa akificha tembo kwenye birika la chai."

Amina, tukasema.

Na mimi nilisema. Mdomo umeshazoea. Zakaria aligeuka wakati uleule, akaniona nikiitikia. Mkewe alikuwa upande wa wanawake, ameinamisha kichwa, sikuweza kumwona uso.

Baada ya ibada nilimvuta Elifasi pembeni.

"Shikamoo mzee. Mbona umemsema Zakaria mbele za watu?"

"Marahaba, mwanangu. Nimemsema? Mie nimemwombea. Kwani wewe hutaki apone?"

Nilitamani kupiga kelele. Nikachukua Biblia yangu, nikaenda zangu nyumbani.

Leo jioni, Zakaria alipotoka kazini, nimekwenda kwake. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alinivutia kiti, akaleta birika lenyewe, akajaza vikombe viwili.

"Karibu, mwalimu. Onja wewe kwanza, ukawaambie kanisani kwamba ni chai."

Ilikuwa chai. Tukazungumza mvua, tukazungumza mpira. Kila nilipotaka kumwomba radhi aliniongezea nyingine. Mkewe alipita mara moja, akanisalimu bila kuniangalia. Nilipoaga nikasema tutaonana Jumatano. Akasema Jumatano ana kazi.

Hajanywa bado. Naliogopa hilo neno "bado".

Nimerudi nyumbani nikamwambia Naomi kwamba nimechoka. Hilo tu, bila jina la mtu yeyote. Akanivua viatu vyenye matope, akasema kesho mchana nitalala, yeye atakaa mlangoni, mwenye shida arudi jioni. Nimeshangaa kuona ilivyokuwa rahisi. Ndilo nililotakiwa kumwambia Elifasi siku ile, kwamba nimechoka. Badala yake nikampa habari za mtu aliyeniamini. Nimejikasirikia kuliko ninavyomkasirikia yule mzee, na yeye nimemkasirikia sana.

Mchungaji wetu ameshaleta agizo. Jumapili nisimame mbele ya baraza la wazee, nieleze hali ya Zakaria, ili waamue kama atatengwa na Meza ya Bwana. Sawa, nitasimama. Nitawaambia kuna mwalimu wa kanisa aliyepewa siri akashindwa kuitunza, na nitataja jina langu. Wakitaka habari za Zakaria, wamuulize Zakaria.

Kabla ya hapo kuna Jumatano. Nitakwenda chumba cha nyuma saa ileile, nifungue dirisha, nisubiri.

Nitapanga viti viwili.